Kipandauso na watoto wadogo ndani: mama akiwa peke yake afanyeje?

Mama_Mtanda (Lindi mjini)

Habari za humu ndani. Naomba majibu yenye vipimo. "Pole, jipumzishe" nimeshazipata za kutosha, na kupumzika ndiko kusikowezekana.

Watoto ni wawili: wa miezi 8, ananyonya na anatambaa, na wa miaka 3. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni mtu mzima nyumbani ni mmoja tu. Kipandauso kinakuja mara tatu au nne kwa mwezi: upande mmoja wa kichwa unapwita, kichefuchefu, mwanga wa mlangoni unachoma. Safari nyingine kinatanguliwa na vimeta machoni na mistari kama meno ya msumeno, dakika ishirini hivi. Presha imepimwa, iko sawa. Malaria hakuna. Nyumba ni ya kupanga, vyumba viwili na sebule, bati, na umeme ni wa kukatika.

Maswali: dawa ipi, kiasi gani, na maziwa yatakuwa salama? Watoto wakae wapi zile saa nne tano? Halafu kliniki wamesema mtoto kashapita miezi sita, naweza kuhama kutoka vidonge vya uzazi wa mpango vya mama anayenyonyesha kwenda vile vya kawaida. Kuna tatizo?

---

Famasi_Kusini

Dada, nianze na dawa. Wengi hawakosei aina ya kidonge, wanakosea saa ya kukimeza. Kipandauso kikishakolea tumbo nalo linagoma: linachelewa kusukuma vitu kwenda kwenye utumbo, na utumbo ndiko dawa inakoingilia kwenye damu. Kidonge cha saa mbili baada ya maumivu kuanza kinaweza kukaa pale pale tumboni mpaka ukitapike. Usisubiri "labda kitapoa". Meza ndani ya nusu saa ya kwanza. Safari zile zenye vimeta umeshapigiwa kengele mapema. Vikianza tu, weka watoto mahali pao na umeze.

Kwa mtu mzima wa kilo 50 kwenda juu: parasetamo gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, pamoja na ibuprofeni miligramu 400. Zinamezwa kwa mpigo mmoja, hazigombani. Kidonge kimoja cha Panadol ni nusu dozi, na wengi wanaosema "hainishiki" humeza hicho kimoja, tena kwa kuchelewa. Mwenye uzito chini ya kilo 50 apangiwe kiasi chake na mtaalamu.

Kama bado kinauma, parasetamo irudiwe baada ya saa 6, isizidi vidonge 8 ndani ya saa 24. Ibuprofeni irudiwe baada ya saa 8, isizidi mara tatu kwa siku. Ibuprofeni haimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye pumu inayochokozwa na dawa za namna hiyo, wala mjamzito. Kabla yake tia kitu tumboni: ndizi mbivu moja au nusu kikombe cha uji. Usianze kupika ndipo umeze, utakuwa umeshachelewa. Kunywa na maji glasi nzima. Parasetamo ile ya kuyeyusha kwenye maji huwahi kidogo kuliko kidonge kikavu.

Maziwa: parasetamo na ibuprofeni zinapita kwenye maziwa kidogo sana. Nyonyesha kama kawaida, hakuna sababu ya kukamua na kumwaga. Za kuacha ukiwa unanyonyesha ni aspirini (kwa watoto inahusishwa na ugonjwa wa nadra unaoharibu ini na ubongo), kodeini (miili ya akina mama wengine huigeuza haraka kuwa mofini, mtoto akalegea na pumzi ikapungua) na ergotamini (dawa ya zamani ya kipandauso). Geuza pakiti usome viungo, kwa sababu dawa nyingi za "kichwa" za dukani zina aspirini ndani na jina la mbele halisemi.

Kichefuchefu kikiwa kikali, muulize daktari kuhusu metoklopramidi miligramu 10, inamezwa pamoja na dawa ya maumivu. Inatuliza tumbo na pia inalifanya lisukume, ndiyo faida yake ya pili. Ni ya siku chache tu, siyo ya kuweka kabatini na kujigawia. Shingo au macho yakianza kuvuta upande mmoja baada ya kuimeza, hayo ni madhara ya dawa: acha na uende kituoni.

Sumatriptani, dawa maalumu ya kipandauso, ipo kwenye famasi kubwa, kwa cheti, bei haijanyooka. Inaweza kutumika na anayenyonyesha, ila haimfai mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyotulia. Hiyo humezwa maumivu yanapoanza, siyo wakati wa vimeta.

---

Kijana_Nachingwea

Mbona mnazunguka? Kuna vile vidonge vya mchanganyiko, diklofenaki na parasetamo pamoja. Kimoja hicho, ongeza Panadol mbili juu, kwisha habari.

---

Famasi_Kusini

Kaka, tupige hesabu. Ndani ya kile cha mchanganyiko mna parasetamo miligramu 325 au 500, kutegemea mtengenezaji. Tuseme 500. Ukiongeza Panadol mbili umemeza gramu 1.5 kwa mkupuo. Rudia hivyo mara tatu kwa siku ni gramu 4.5, na mwisho wa mtu mzima ni gramu 4. Ini halipigi kelele mapema. Na kama kuna ibuprofeni pia, diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu wa tumbo moja: hazijumlishi nafuu, zinajumlisha vidonda. Chagua mmoja.

Jambo jingine la dukani: hesabu *siku*, siyo vidonge. Dawa hizi za kawaida zikiliwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, zenyewe zinaanza kuzaa maumivu ya kichwa. Zenye kafeini au kodeini ndani, na zile za kundi la sumatriptani, hufikisha hapo kwa siku 10 tu. Mtu anaamka na kichwa, anameza, kinapoa, kesho tena. Akija dukani kuomba "kali zaidi", kinachotakiwa ni kupunguza, na kwa usimamizi.

---

Fundi_Mikindani

Swali la pili nalichukua mimi, kwa sababu hapa mambo ni ya mbao na makomeo.

Usifikirie kulala kitandani. Fikiria chumba kimoja ambacho kila kitu kiko chini. Mtoto wa miezi 8 kitandani na mama aliyefumba macho ni mtoto wa kuanguka. Tandika jamvi au mkeka juu ya sakafu, juu yake godoro jembamba au mablanketi mawili, na wewe lala sakafuni hapo hapo, mgongo wako ukiwa umeziba upande wa mlango. Mtoto akitaka kutoka lazima akupande, na ukipandwa utajua.

Chumba kichaguliwe mapema. Nyumba za bati mchana hasa Novemba mpaka Machi ni tanuri, na joto lenyewe linachochea. Asubuhi tumia chumba cha upande wa magharibi, baada ya saa sita hamia cha mashariki, jua likiwa limeshavuka. Dirishani ning'iniza vitenge viwili vyeusi vikipishana, ila acha chini uwazi wa shubiri moja hewa ipite. Giza bila hewa halisaidii kichwa wala mtoto. Miwani ya jua vaa ukitoka nje, ule mweupe wa mchanga na mabati ya jirani unaumiza kweli. Ndani usishinde nayo, macho yakizoea giza mwanga unazidi kuwa adui.

Sasa piga magoti, kichwa kiwe urefu wa mtoto, na uzunguke chumba. Utaona vitu usivyoviona umesimama: waya wa chaja unaoning'inia, sarafu chini ya kabati, korosho iliyodondoka. Korosho nzima na karanga ni vya kumpalia mtoto. Ile mbichi yenye ganda mafuta yake yanaunguza midomo na vidole, kwa hiyo msimu wa kuokota gunia lisilale chumba hicho. Chupa ya mafuta ya taa, hasa ile iliyokuwa ya soda, itoke nje kabisa. Jiko la mkaa libaki nje hata kama limeonekana kuzimika: moshi wake usioonekana unaleta kichwa, na mtoto anazidiwa kabla yako. Kama siku moja kichwa kinawauma mama na watoto wote kwa pamoja, hicho si kipandauso. Fungua milango mtoke nje wote.

Maji. Kwetu kusini tunaweka akiba kwenye ndoo, diaba na mapipa, na mama akiwa kwenye maumivu ndiyo dakika ya hatari. Mtoto anayejifunza kusimama anashika mdomo wa ndoo, kichwa kinatangulia, miguu inabaki juu. Maji ya kina cha vidole vitatu yanatosha kumzamisha. Ndoo zote zifunikwe kwa kifuniko cha kubana au ziingie bafuni na mlango ufungwe kwa nje. Beseni la kufulia limwagwe kabisa. Nusu si salama.

Na hili ndilo watu hukosea wakidhani wanalinda: kujifungia kwa ufunguo ndani. Mama kazidiwa, watoto wanalia, jirani yuko mlangoni hawezi kuingia. Mlango wa nje uwe na komeo la ndoano juu, asipofika wa miaka 3, ambalo jirani anaweza kulinyanyua kwa nje kwa kijiti cha kupenyeza. Au ufunguo wa pili ukae kwa jirani, siyo chini ya kapeti.

---

BibiWaNdoro

Wajukuu hamjambo. Fundi kasema vizuri, na mimi niongeze ya tumboni na ya kelele.

Kichwa kikianza huwezi kupika, na hupaswi kuwasha moto macho yakiwa yanameta. Kwa hiyo kila asubuhi, kichwa kiwepo kisiwepo, uji wa watoto utiwe kwenye chupa ya chai ungali unachemka, kifuniko kikazwe. Huo unafika mchana. Uliobaki vuguvugu kwenye bakuli usimpe mtoto baadaye. Weka ndizi mbivu, mihogo au ming'oko ya kuchemsha, mayai yaliyochemshwa. Chakula cha wa miaka 3 kigawe kwenye vibakuli viwili vyenye vifuniko na ukiweke chini anakofika, na umfundishe siku nzuri jinsi ya kukifungua. Ukimfundisha siku ya ugonjwa atakuja kukuuliza kila dakika, "Mama, fungua."

Mdogo ananyonya ukiwa umelala ubavu, mto nyuma ya mgongo wako. Wa miezi 8 akikosa mlo mmoja wa uji siku moja na maziwa anapata, hafi njaa. Kuoga anaweza kusubiri mpaka jioni. Usimwogeshe ukiwa unaona mistari, mkono ukifa ganzi beseni ni hatari.

Kelele: weka kikapu kimoja cha vitu ambavyo mtoto havioni siku nyingine. Magunzi ya mahindi yaliyofungwa vitambaa kuwa watoto wa bandia, makopo matatu yanayoingiana (ya plastiki, ya bati yanalia), kanga moja ya kujengea kibanda kati ya viti viwili. Siyo vifuniko vya soda wala shanga, mdogo atavimeza. Wa miaka 3 mpe kazi ya udaktari: kitambaa kilicholowa maji, akiweke kwenye paji lako, akihesabu mpaka kumi, akigeuze. Anakaa robo saa nzima, na kitambaa ulikuwa unakihitaji.

Kahawa chungu ya kikombe kidogo pamoja na dawa inasaidia, waulize wenye taaluma. Ila si kila siku vikombe vitano halafu siku ya sita unakosa, hapo kichwa kitakuja chenyewe kudai. Na kufunga kanga kichwani kwa kubana ni sawa kama kunakupa nafuu. Kuchanjwa chale kwenye panda la uso acheni. Wembe wa kushirikiana unaleta maradhi makubwa kuliko kichwa.

---

Mama_Mtanda

Shikamoo bibi, ahsante sana. Hiyo ya udaktari sikuiwaza kabisa. Nesi yuko wapi na vile vidonge vyangu?

---

NesiWaKliniki

Nipo. Hapo kwenye vidonge usihame, na niseme kwa nini.

Vile vya mama anayenyonyesha vina kichocheo kimoja, projestini. Vya kawaida vina viwili, na cha pili ni estrojeni. Mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimeta, mistari ya msumeno, ganzi ya mkono au kushindwa kutamka ana hatari iliyopanda kidogo ya kiharusi, na estrojeni inaipandisha zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unakiweka kipandauso cha namna hiyo kundi la 4 kwa vidonge vya vichocheo viwili, yaani visitumike, umri wowote. Tatizo kliniki ni kwamba mama huulizwa "unaumwa kichwa?" akajibu "kawaida tu", basi. Sema mwenyewe, kwa maneno haya: *naona vimeta na mistari kabla ya kichwa kuanza*. Waandike kwenye kadi. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa. Vijiti, sindano na vidonge vya kichocheo kimoja vinaweza kuanzwa, ila vimeta vikiongezeka baada ya kuanza, rudi kituoni.

Hedhi ikirudi baada ya kunyonyesha, tegemea kichwa kibadili ratiba. Estrojeni ikishuka siku mbili kabla ya damu, kipandauso hupenya hapo. Ndiyo maana daftari ni muhimu. Chukua kalenda ya ukutani na kalamu, kila shambulio andika: saa lilipoanza, ulimeza nini na saa ngapi, saa lilipoisha, siku ya ngapi ya hedhi, ulilala saa ngapi usiku uliopita, na mlo uliorukwa. Basi. Usiandike insha. Miezi mitatu ikipita utaona kama ni hedhi, kama ni Jumatatu za kuamka usiku mara nne kwa mtoto, au kama ni moshi wa kubangua korosho na salfa ya kupulizia mikorosho, kuanzia Juni huko mashambani. Wenye hedhi ya kutabirika daktari anaweza kuwapangia dawa ya siku tano sita, kuanzia siku mbili kabla.

Kwa mara tatu au nne kwa mwezi uko mpakani. Zikifika siku nne au zaidi za kushindwa kazi, omba kujadili dawa ya kuzuia. Kwa anayenyonyesha mara nyingi huanza na propranololi, isipokuwa kama ana pumu. Amitriptilini ya usiku nayo hutumika kwa kiasi kidogo, miligramu 10 au 25, lakini inalewesha usingizi. Ukiimeza, mtoto alale sehemu yake, siyo ubavuni kwako, na mwingine amsikilize usiku. Dawa hizi zipewe muda wa wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema zimeshindwa. Wengi wanaacha wiki ya pili. Valproeti kwa mwanamke anayeweza kushika mimba hapana, inaharibu mtoto tumboni.

Zote mbili, propranololi na amitriptilini, vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. Siyo kwenye mkoba, siyo chini ya mto. Juu ya kabati, ndani ya kopo lenye kifuniko cha kuzungusha.

Sasa yale ambayo hayasubiri chumba cha giza wala kitambaa. Kichwa kilicholipuka ghafla kikafika kilele ndani ya dakika moja. Homa na shingo iliyokakamaa, kidevu hakifiki kifuani. Mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, mdomo kwenda upande, degedege, kuzimia. Kichwa baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda. Vimeta au ganzi vilivyopita saa nzima bila kuondoka. Mjamzito aliyevuka wiki 20, au aliyejifungua ndani ya wiki sita, mwenye kichwa kikali au macho kuona ukungu: apimwe presha siku hiyo hiyo, 140 kwa 90 kwenda juu inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Kwa mjamzito na mzazi wa karibuni kuna namba ya bure ya usafiri wa dharura, 115. Wengine nendeni kituo cha karibu, wakiona vinginevyo watawapeleka hospitali: Sokoine kwa Lindi, Ligula kwa Mtwara, au Ndanda kwa walio njia ya Masasi.

Na homa ikiwepo, malaria kwanza. Kipimo cha haraka ni dakika 15 hadi 20. Huku kwetu usiseme "ni kipandauso changu kile kile" mwili ukiwa unachemka.

---

Msomaji_Newala

Ahsanteni. Ramadhani je? Shambulio likija saa tisa alasiri mtu yuko kwenye swaumu.

---

NesiWaKliniki

Kiafya: wiki mbili kabla, punguza kahawa kikombe kimoja kila siku mbili tatu, kwa sababu vichwa vingi vya siku za mwanzo ni vya kukosa kafeini. Chakula cha daku kiliwe karibu na alfajiri, siyo saa sita usiku, kiwe na muhogo, maharage au mtama ambavyo vinakaa tumboni, na maji yagawanywe kati ya futari na daku badala ya kuyabugia mara moja. Mgonjwa na mama anayenyonyesha wana ruhusa katika dini. Utaratibu wa kulipa muulizeni sheikh wenu.

---

Mama_Mtanda

Nimeelewa mengi. Mawili ya mwisho. Nikitapika dawa, narudia? Na jirani anafikaje kama siwezi hata kushika simu, mwanga wa kioo unaniua?

---

Famasi_Kusini

Ukitapika ndani ya dakika 15 na ukakiona kidonge kikiwa kizima, rudia. Ikipita nusu saa usirudie, kiasi kimeshaingia na huwezi kujua ni kiasi gani. Subiri muda wa dozi inayofuata. Ukitapika kila mara, kuna diklofenaki ya kuingiza njia ya haja kubwa, mwombe daktari aiandike. Ukiitumia hiyo, ibuprofeni unaiacha. Maji kunywa funda funda. Kama umetapika mara nyingi, pakiti moja ya ORS (unga wa kurudisha maji mwilini) kwenye lita moja ya maji safi, siyo kwenye kikombe.

Na wakati wa kutapika mtoto usimshike. Mlaze chali sakafuni kwanza, halafu chukua ndoo.

---

BibiWaNdoro

La simu: andika ujumbe leo, ukiwa mzima, uuhifadhi. "Kichwa kimeanza. Njoo umchukue mkubwa mpaka saa kumi." Mwanga wa kioo uushushe mpaka mwisho, na jina la jirani liwe la kwanza kwa kubonyeza namba moja. Simu ikiwa haina chaji, kanga nyekundu juu ya mlango. Mkubaliane maana yake wawili ninyi tu. Na mwambie jirani mapema kabisa kazi yake ni ipi: kumchukua wa miaka 3, kumwacha wa kunyonya, na *kutokukuuliza unajisikiaje*. Watu wema wanaua kwa maswali. Siku ya kwake na wewe ukampikie.

Masikio ukiziba pamba, ziba moja tu. La pili ni la mtoto.

---

Mama_Mtanda

Hapo bibi umenichekesha. Fundi, mwenye nyumba hataki msumari wala skrubu mlangoni. Komeo lako la ndoano halitawezekana.

---

Fundi_Mikindani

Basi ufunguo wa pili wa mlango wa nje uache kwa jirani. Ukifunga mlango chomoa wako, ukibaki ndani ya tundu wa jirani hauingii. Kizuizi cha ndani hakihitaji msumari. Chukua meza ndogo, ilaze ubavu ndani ya uwazi wa mlango wa chumba, uso wa meza ukitazama chumbani na miguu ikitazama nje, mtoto asipate pa kukanyaga. Kimo kiwe sentimita 60 hadi 70, mtu mzima anavuka kwa hatua moja. Nyuma yake, upande wa nje, weka ndoo mbili za mchanga kuikaza (mchanga, siyo maji) na uisukume kwa mkono mzima kuona kama inatikisika. Pembeni nafasi isizidi vidole viwili. Wa miezi 8 havuki. Wa miaka 3 atajaribu kupanda siku ya kwanza, kwa hiyo iweke siku ambayo huumwi, umwone anapandia wapi.